Pete ya Mama Haikuwa Chupa

Mujukuu wangu Zuhura,

Salaam nyingi toka huku Kasongo. Bibi yako iko muzima. Watoto wa shangazi yako walifika na pikipiki toka Wamaza, wakatumalizia mihogo yote.

Unaniuliza juu ya nini masini ya mwangaza ya iniversite yako inasema pete niliyokupa iko na emerode ya kweli, lile jiwe la kijani la bei kali, ya upande wa Zambia, wakati mimi nilisema ni chupa tu.

Zuhura, ile chupa niliiweka mimi. Nilikuwa kijana. Nilitoa jiwe ku pete ya mama yangu, pete baba yake alileta toka Zambia. Nikaliuzisha kwa mufanyabiashara wa Nyangwe, nikatia kipande cha chupa ya kijani. Mama aliendelea kuivaa. Haya ilinizuia kuiangalia ile pete tena, hata alipokufa akaniachia.

Lakini mwaka ule masini yake ya kushona ilipoteaka mu nyumba.

"Mama, masini iko wapi?"

"Ilikuwa inanipigia kelele. Kula, mwanangu."

Akashona na mukono mpaka kufa kwake.

Kumbe aliiuza ile masini, akaenda kulikomboa jiwe Nyangwe, akalirudisha ku pete kimya.

Unasema mwangaza unaona ndani ya jiwe bila kulivunja. Mama aliniona ndani vile vile, na hakunivunja.

Pete usinirudishie. Ivae wewe. Watu wakiuliza, waambie yote, na jina langu usilifiche.

Babu yako