Mkono Unatafuta Kola

Jumanne, 2 Septemba
Mazoezi. Raundi sita, nimepigwa zote sita. Kocha amesema mpaka mashindano hakuna kuvaa gi. Yale makoti mazito yamefungiwa kabatini, tunacheza na fulana za kubana na bukta. Hakuna kola, hakuna mkanda wa kuvuta. Mtu anateleza kama kambale. Miaka mitano ya jujitsu nimejifunza kushika nguo ya mtu na kutoachia. Ukiniondolea nguo, mimi ni bure kabisa.

Kaka yangu Kibwana alishasema mbele ya watu: "Huyu bila gi ni kanga bila kibanio, upepo ukija imekwenda." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilinuna wiki nzima.

Leo ni siku ya kumi na nne tangu afariki.

Alhamisi, 4 Septemba
Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Kibwana alitaka kwenda Dar kwenye mashindano ya bila gi. Aprili aliniomba tufanye mazoezi pamoja. Uzito wetu unakaribiana, na wale vijana wengine wa klabu ni mabonge, wanamlalia tu. Nikakataa. Nikamwambia huo ni mchezo wa wahuni, kupakana jasho. Uongo mtupu. Niliogopa kuonekana sijui kitu. Mei akaomba tena, nikamwambia asinisumbue. Juni akaacha kuomba. Julai figo. Agosti tukamzika kijijini kwetu Matombo.

Ningempa jioni moja tu. Moja! Ingenipunguzia nini?

Nimemwomba Kocha aandike jina langu, upande wa wanawake. Nataka kushinda pambano moja bila gi. Sitaki medali. Nikishinda hilo moja labda nitaweza kumtazama mama usoni.

Jumatano, 10 Septemba
Mkono una akili yake. Nikimkaribia mtu tu, vidole vimeshakamata fulana. Hairuhusiwi. Ukishika nguo mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili mwenzio anapewa pointi, mara ya tatu unatolewa.

Kocha amenivalisha soksi mikononi ili nishindwe kushika. Saa nzima. Vijana: "Dada, baridi ya Uluguru imekushukia?" Nimewatukana. Wamecheka zaidi. Nimecheka na mimi kidogo, halafu nikakumbuka kwamba nina msiba, nikaona aibu.

Dukani kwangu mdalasini umenimwagikia mara mbili. Vidole vimevimba.

Jumatatu, 15 Septemba
Mama amepiga simu. Arobaini ni Jumapili ya tarehe 28. Ndugu wanapanda Matombo Ijumaa, wanawake wanapika Jumamosi. Mashindano ni Jumamosi hiyohiyo.

Nikamwambia Jumamosi napokea mzigo wa viungo, nitafika Jumapili asubuhi. Akasema, "Dada wa tumbo moja asiwepo jikoni? Haya mwanangu. Mzigo ni mzigo."

Nimemdanganya mama kuhusu arobaini ya mwanawe. Mimi ni mtu wa hovyo.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimeshinda raundi! Nimempiga yule fundi wa pikipiki anayejisifu. Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamganda kifuani, kichwa chini ya kidevu chake. Kumbe siri ni hiyo. Kwenye gi unaweza kumshika mtu kwa mbali, ukamzuia kwa urefu wa mkono. Huku ukikaa mbali umekwisha, lazima umsogelee.

Kocha akasema, "Kibwana alikuwa akinieleza hivyohivyo." Hakuwa na nia mbaya. Nimekwenda chooni nikalia na mlango sijafunga.

Kibwana alipolazwa nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mlangoni. Nilisema nampisha mama.

Ijumaa, 26 Septemba
Treni ya mchana kwenda Dar. Uzito sawa. Sina njaa, sina usingizi. Mama ameniombea mzigo ufike salama.

Jumamosi, 27 Septemba
Nimetolewa.

Pambano la kwanza na la mwisho. Binti wa Dar, mwepesi, ana adabu, alinisalimia shikamoo. Nikaona kweli nimezeeka. Dakika ya kwanza nikashika fulana, onyo. Nikatulia. Nikamwangusha vizuri, pointi mbili zangu. Dakika ya tatu mkono ukaenda tena, pointi kwake. Bado naongoza.

Ikabaki nusu dakika. Akajikunja atoke. Alikuwa anatoka, namwona anatoka, na mkono wangu wa kulia ukaruka mpaka nyuma ya shingo yake, ukakamata kitambaa. Kocha anapiga kelele, "Achia! Achia!" Nilimsikia vizuri. Refa alinitoa vidole kimoja kimoja kama mtoto aliyekamata sukari.

Nusu dakika. Nilikuwa nimeshashinda. Sina hata hilo moja la kumpelekea Kibwana.

Jumapili, 28 Septemba
Nimefika Matombo dua imeshaanza. Mama akaona michubuko shingoni, akanifunika na mtandio wake. Hakuuliza mzigo.

Baada ya chakula zikatolewa nguo za marehemu. Ndipo Mzee Shomari akatokea nyuma ya nyumba. Yeye ni mtani wa ukoo wetu, na mtani msibani hakasirikiwi. Atakachosema atasema, atakachovaa atavaa. Alikuwa amevaa gi ya Kibwana. Tumbo nje, mkanda kichwani. Akatembea kama Kibwana, bega moja juu. Akakohoa kikohozi chake kilekile. Watu hoi. Mama alicheka mpaka akashika mti.

Kisha akasimama katikati ya uwanja, akatangaza: "Mimi Kibwana! Nimekufa na hamu! Nilimwomba dada yangu mchezo, kaninyima!"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Kumbe marehemu alikuwa amemsimulia.

Sijui niliinukaje. Nilimwendea, nikashika kola kwa mikono yote miwili. Watu wakapiga makofi, wakadhani namjibu. Koti bado lina harufu ya kaka. Nikaweka paji la uso pale kifuani, nikashindwa kuachia. Vicheko vikaisha, kimoja kimoja. Mzee Shomari akaacha kukohoa, akaacha bega lishuke. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Shika, mwanangu. Shika mpaka uchoke."

Nilichelewa kuchoka. Mama alikuja kunibandua.

Nikamwambia yote jikoni. Dar, mashindano, Aprili. Aliendelea kuosha masufuria. Akasema, "Alinung'unika siku mbili, ya tatu akasahau. Wewe ndiye hujasahau." Sijui kama ni kweli au ananionea huruma tu. Mzee Shomari ameondoka na gi. Ni haki yake.

Jumanne, 30 Septemba
Duka. Mvua. Sikwenda mazoezini.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimekwenda. Kocha hakusema lolote kuhusu Jumamosi, nimemshukuru kimoyomoyo. Kuna mwanafunzi mpya, mama wa watoto wawili kutoka Gairo, amehamia mjini kufuata mume. Hana gi, amekuja na fulana ya mumewe na suruali ya kulalia. Kocha akauliza nani atamchukua. Vijana wote ghafla wakawa na kiu.

Nikainuka. Anaitwa Neema. Alisimama mbali, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea mtoto wa watu. Nikamwambia asogee. Akasogea kidogo. Nikamwambia asogee tena, nikamwonyesha pa kushika.