Shujaa Yuko Kwangu

Jumatatu, 21 Julai
Mwanangu Tatu kamimina uji wake wote kwenye buti la jeshi la babu yake, sasa hivi, kisha kajipigia makofi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Baba mkwe naye kacheka. "Mwache, buti hilo limeona mengi." Alilivaa vitani Uganda. Goti lake liliharibikia huko, sasa hata bafuni anakwenda kwa fimbo.

Nimepata nafasi chuo cha ushonaji! Tunaanza Jumatatu ijayo. Tatu nitakwenda naye, wanaruhusu. Baba je? Mume wangu yuko machimboni Geita. Nikampigia wifi Mariamu, anakaa hapo mtaa wa Ng'ambo tu, baba akae kwake siku za chuo. "Wifi yangu, kukaa na shujaa ni baraka!" Baraka gani haifiki Ng'ambo.

Jumanne, 22 Julai
Mtendaji wa kata kaja kumpiga baba picha. Ijumaa ni Siku ya Mashujaa, atakaa jukwaani. Kasema mzee huyu ni hazina ya taifa. Kaondoka. Nimefua sare ya baba. Nimechoka.

Jumatano, 23 Julai
Baba kaanguka bafuni. Nilisikia ndoo, halafu yeye.

Kwetu Wanyamwezi mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hata mkono hatupeani. Nikakimbia kwa jirani, kufuli. Kwa wa pili, kufuli. Huku baba anamwita mwanawe, mwanawe yuko Geita. Nikajifunika kanga usoni, nikaingia napapasa ukuta. Nikamtupia kanga nyingine. Nikamwinua. Mwepesi, jamani.

Amelala kageukia ukutani. Hajala. Naona aibu. Nina hasira pia, sijui na nani.

Alhamisi, 24 Julai
Wifi kasikia. Kaniwakia uani mbele ya majirani: "Umemvunjia baba heshima!" Nikamwambia, basi mchukue umwogeshe wewe. Eti nyumba yake ndogo. Ina vyumba vinne.

Nimepiga simu chuoni wanisubiri mwezi mmoja. Hawasubiri. Nimelia jikoni. Tatu akanifuta kwa tambara la masufuria. Nitazeekea kwenye ua huu wa hapa mtaani Isevya.

Ijumaa, 25 Julai
Mgeni rasmi alianza mbali, na wapagazi wa misafara waliotoka hapa Tabora na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, eti uzalendo wetu ulianzia pale. Mimi niliwaza mabega tu.

Kisha wakampa baba kipaza sauti. Uzalendo ni nini, mzee wetu? Akaiegemea fimbo yake.

"Lindo ni zamu," akasema. "Hata kule vitani hakuna aliyelinda peke yake." Akamtafuta wifi, safu ya kwanza, kitenge kipya. "Wewe Mariamu, zamu yako lini?"

Watu wakacheka, walidhani mzee anatania. Wifi hakucheka. Baba akaongeza: "Mkwe wangu aliniokota. Asisemwe."

Nikasimama ghafla, Tatu akaamka mgongoni.

Jumamosi, 26 Julai
Wifi katuma ujumbe, atakuja na bajaji kumchukua baba. Saa kumi sasa, bado. Nimekunja mashuka ya baba. Mawili tu, kumbe. Yeye kakaa kibarazani kavaa koti, begi miguuni. Asubuhi kaniambia, bila kunitazama, "Kasome, mama." Naogopa kufurahi kabla ya wakati. Nikijua kushona, nguo ya kwanza nataka iwe ya baba, koti la...

Wifi huyo ananiita, "Mama Tatu, lete begi!" Ngoja nitoke nikampe.