Uduvi wa Bahari ya Barafu

Dada Zawadi mpenzi,

Wanao hawajambo? Sisi tupo kwa Shangazi, Peckham, huku London, na mvua haikatiki. Leo mwanangu Neema kalia mpaka nimechoka mwili mzima, nikambeba mgongoni tukaingia jumba la makumbusho kujikausha.

Mama mmoja wa pale akatuonyesha chupa ya uduvi, vijikamba vidogo, wa bahari ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Nikamwambia, "Kwetu Kigoma hawa wangeshaanikwa kama dagaa!" Akacheka, kisha akasema nyangumi na pengwini, wale ndege wasioruka, wanaishi kwa kula hao hao. Barafu ambayo uduvi hujificha chini yake wakiwa wachanga inapungua kwa joto tunaloleta sisi watu kwa moshi wetu, na meli zinakuja kuwachota uduvi pale pale pengwini wanapolisha vifaranga.

"Sasa mnafanyaje?" nikamuuliza.

"Tunazitaka meli zikae mbali mpaka vifaranga wakue. Nyingine zinakubali, nyingine zinanuna."

Dada, nikakuona wewe unavyonuna ziwa likifungwa lisivuliwe ili dagaa wazaliane! Juzi kwenye simu ulisema utanunua dagaa wa wale wanaovua kwa kificho. Wewe ni mkubwa wangu, lakini nivumilie. Leo nasema: usinunue. Najua meza tupu sokoni inavyouma. Nikirudi tutauza maandazi, mimi nitakanda, mpaka ziwa lifunguliwe. Lakini wale wachanga waache wakue, Neema naye aje awakute.

Nakukumbatia sana. Ukitaka kunigombeza, nisubiri stesheni ya Kigoma na uji wa mtoto.

Mdogo wako,
Asha