Nimemtuhumu Mkwe Wangu kwa Injini ya Baba

Mshauri wetu, nakuandikia nikiwa sijui hata nianzie wapi, maana nikianzia kwenye gari naishia kwa mke, na nikianzia kwa mke naishia kwenye gari, lakini nakuomba unisome hadi mwisho ndipo unicheke.

Baba alifariki mwaka juzi akaniachia gari lake la zamani, lililonizidi umri mimi, nami si mtoto, nina miaka arobaini na mbili na nafundisha hesabu. Baba alilipenda gari lile kuliko, samahani, baadhi yetu, na kila mgeni aliyekanyaga pale nyumbani alisimuliwa kwamba injini ni ile ile lililotoka nayo kiwandani. Sasa chama cha wenye magari ya zamani kinaandaa maonyesho, nikachukua fomu, nikajaza mwaka na rangi, nikafika swali la sita: je, injini ni ya asili? Nikaandika ndiyo, halafu nikajiambia ngoja nihakikishe, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Nilifungua boneti, nikachukua brashi ya waya na mafuta ya taa, nikasugua bloku ya injini mpaka namba kubwa zilizovimba zikajitokeza ubavuni, nikazilinganisha na namba ya injini kwenye kadi ya gari, hazikufanana hata tarakimu mbili za mwanzo, nikarudia mara nne kama ninavyosahihisha mtihani, jibu likabaki lile lile. Nikamwita fundi mmoja, akagonga gonga akasema injini ni yenyewe. Wa pili akasema haiwezekani, boliti hizi zimewahi kufunguliwa. Wa tatu akasema bloku ni yenyewe ila silinda hedi, kile kichwa kinachofungwa juu yake, siyo, na tangu siku hiyo nikiitazama ile injini naona kama inanificha jambo.

Mtu pekee aliyewahi kuishusha injini hiyo ni baba mkwe wangu, fundi wa magari, rafiki wa baba tangu ujana wao. Aliishusha miaka minane iliyopita, ikakaa gereji kwake wiki tatu. Basi Jumapili alikuja kwetu kula, mama yangu yupo, mke wangu anapakua, na mimi badala ya kuuliza kama mtu mwenye adabu nikasema, "Baba, injini ya mzee uliipeleka wapi?" Akacheka akidhani natania. Nikaweka kadi ya gari mezani, nikasema, "Namba hazidanganyi." Alinawa mikono hata tonge la kwanza hajalimeza, akamwambia mama, "Shemeji, nashukuru kwa chakula," akaondoka.

Mke wangu akaniambia, "Umemwita baba yangu mwizi, tena sahani iko mbele yake," na kesho yake akaenda kwao, leo ni siku ya tisa. Mama hanisemeshi ila kuniuliza kama nimekula. Nimemkumbuka mke wangu, mshauri, nyumba nzima imepoa, lakini bado sielewi: kama mzee aliibadilisha injini, kwa nini niombe radhi mimi? Na kama hakuibadilisha, hizo namba zimetoka wapi? Nianze na lipi?

Mwalimu Aliyekwama

*

Mwalimu,

Nimekusoma hadi mwisho na nimekucheka, sikufichi. Kisha nimekuonea huruma, maana naona unampenda mkeo na hujui umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Nimeishi na fundi wa magari miaka ishirini na sita, ovaroli zake nimezifua mpaka vidole vikanuka girisi, kwa hiyo nisikilize. Hizo namba kubwa zilizovimba zilitoka na chuma chenyewe kilipomiminwa kiwandani. Zinaeleza aina ya bloku tu, na maelfu ya magari ya aina hiyo yanazo hizo hizo. Namba inayoandikwa kwenye kadi ni nyingine, ndogo, iliyogongwa ikazama ndani ya chuma, mara nyingi kwenye kipande bapa kilichofunikwa na masizi. Wewe umesahihisha mtihani wa hesabu kwa majibu ya jiografia, halafu ukamfelisha mkweo mbele ya watu!

Boliti zilifunguliwa? Lazima zifunguliwe, injini si ilishushwa, wewe mwenyewe umeniambia. Silinda hedi nayo hubadilishwa na bloku ikabaki ile ile. Na brashi ya waya iweke chini, baba, utaila namba yenyewe ukose hata cha kusoma. Safisha taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha pakaza chaki, ufute juu juu. Tarakimu zilizozama zitabaki nyeupe. Chaki najua unazo.

Sasa utaniuliza, je, injini ni yenyewe? Sijui. Nawe hujui, na hilo ndilo ulilopaswa kusema Jumapili. Ila jiulize: gari lilipotoka gereji ile, nani aliliendesha? Baba yako, tena miaka. Mtu anayelipenda gari kuliko watoto wake awekewe injini ya kuokoteza asisikie hata mlio? Kama ilibadilishwa, basi walijua wawili, na mmoja bado yu hai. Umemfukuza mezani yule yule wa kukueleza.

Kwenye fomu kata hiyo ndiyo, andika "haijathibitishwa". Hakuna atakayekupiga. Kwa mkweo nenda leo, wewe mwenyewe, usimtume mama wala shemeji zako. Kadi ya gari iache nyumbani. Usianze na habari za namba wala fundi wa tatu alisema nini. Sema, "Baba, nilikukosea mbele ya mwanao na mbele ya shemeji yako," kisha unyamaze, hata kama kunyamaza kutakuchoma. Mkeo usimwambie afungashe. Atasikia akiwa chumba cha pili, na ataamua mwenyewe.

Najua utakavyowaza: ngoja kwanza nipakaze chaki, nisome ile namba, ndipo niende. Hapana. Ukienda ukiwa umeshaisoma hutakuwa umeomba radhi, utakuwa umempelekea mzee matokeo. Nenda kabla hujajua.