Fremu Haijapinda

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia hapa Kate. Ulezi tumeshavuna, na shangazi yako wa Kizwite amejifungua mtoto wa kike.

Barua yako imenishtua. Unauliza ununue fremu gani ya chuma ya baiskeli, umesifia rangi mistari kumi, na breki hukuzitaja hata mara moja.

Mwaka tuliofunga ndoa, babu yako alinunua fremu nzuri ya chuma, akaifungia magurudumu ya baiskeli ya kaka yake, ambayo yalikuwa madogo kidogo. Akaijaribu hapa kijijini kwenye tambarare, ikasimama, akaridhika. Asubuhi moja tukateremka kwenda Kirando kubadilisha ulezi na dagaa, mimi nimekaa kwenye keria na gunia mapajani.

Kwenye mteremko akabana breki. Raba za breki hazikufika kwenye rimu, ule mduara wa chuma unaoshika tairi. Zilisugua tairi mpaka likapasuka, nikajikuta kwenye majani, ulezi umetapakaa kila mahali. Babu yako akainuka, akaisimamisha baiskeli, akaitazama kwa jicho moja.

"Fremu haijapinda," akasema.

Mimi nikaanza kuzoa ulezi.

Basi nenda dukani na magurudumu utakayotumia. Yafunge kwenye fremu, bana breki, halafu uiname uchungulie. Raba ibane chuma cha rimu, isiguse tairi.

Babu yako nimemsomea barua yako yote. Akaniomba nirudie pale penye rangi.

Bibi yako,
Skolastika