Wakunga Ishirini na Sita Wenye Macho Wazi

Jumatatu, 3 Juni

Binti wa kaka yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunilalamikia kila ninapopanda ngazi za studio. Tangu uondoke ni miaka miwili, nami sikukusudia kuwa wa kwanza kuandika.

Ile programu ya kuhariri picha, ninayoilipia kila mwezi, imegoma. Kadi yangu ya benki imekwisha muda, mpya haijafika, na programu haisikilizi maelezo. Ndani yake kuna picha ya wakunga ishirini na sita wa hospitali wanaostaafu pamoja. Wanaagwa Jumamosi. Katika kila picha niliyopiga kuna aliyefumba macho, kwa hiyo nimeunganisha picha tano kuwa moja. Kazi ya wiki tatu. Nikishindwa kuwapa, nitafunga studio. Miaka thelathini na moja inatosha.

Je, ile programu yako ya bure inaweza kulifungua faili hilo?

Shangazi yako


Jumatatu, 3 Juni, jioni

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa goti. Mimi ni mzima na kazi ipo. Nilipoona jina lako nilidhani kuna msiba.

Inaweza. Nimekuwekea kiungo hapa chini, ipakue. Matabaka ya picha, yaani zile tano ulizolaza moja juu ya nyingine, utayakuta, ila majina uliyoandika chini ya nyuso huenda yakageuka kuwa picha tu, usiweze kuyasahihisha. Vitufe vya njia za mkato si vile ulivyozoea. Vidole vitakasirika siku mbili. Na kupanga rangi kwa ajili ya wino wa mtambo wa kuchapia, programu hii haijawahi kukuweza vizuri, hilo mwachie mchapaji.

Tafadhali usifunge studio. Nilijifunzia hapo.

Mpwa wako


Alhamisi, 6 Juni

Binti wa kaka yangu,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Picha ilifunguka Jumanne nikafurahi kama mtoto. Leo asubuhi nimemaliza macho ya mkunga wa mwisho, nikahifadhi kwenye flashi, nikaipeleka kwa mchapaji. Akaichomeka, akakunja uso.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Ni picha."

"Labda ya mizimu. Mashine yangu haioni kitu."

Alijaribu kompyuta tatu. Kesho saa sita mchana anazima mtambo mpaka Jumatatu. Nimerudi, nimeketi tu. Programu yako imekula wiki tatu zangu pamoja na jina langu.

Shangazi


Alhamisi, 6 Juni, dakika kumi baadaye

Shikamoo Shangazi,

Hakuna kilichopotea! Kosa ni langu, sikukwambia. Humo, "Hifadhi" huweka faili la kazi tu, linalosomwa na programu yenyewe. Picha ya kumpa mtu hutoki nayo hivyo. Teremka kidogo kwenye orodha ileile, utaona "Hamisha". Ibonyeze ikutolee picha ya kawaida, ipe jina, kisha peleka.

Hata mimi mara ya kwanza nilimkabidhi mwalimu faili kama hilo, darasa zima likanizomea. Simu iko mkononi. Nijibu.

Mpwa wako


Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama. Mimi nimelala saa tisa mfululizo, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho. Samahani kwa kukuacha bila jibu. Nilikuwa nakimbia, na goti likakubali.

Picha imechapishwa. Mchapaji alipanga rangi kwa programu yake ya kulipia, akajigamba kwamba yako isingeweza. Nikamwambia yake isingefunguka bila kadi.

Jana, kwenye kuagwa, wakunga waliizingira. Mkuu wao alijitafuta mpaka akajiona.

"Jamani wewe mama, mbona nina videvu viwili? Hukuona cha kufuta?"

"Niliviona vyote," nikamjibu. "Nikaviacha, ili wajukuu wasikukose."

Walicheka mpaka mmoja akaomba kiti.

Kadi imefika. Nitaendelea kulipia, na yako haitoki kwenye kompyuta yangu. Kesho nafungua studio saa mbili, kama kawaida.

Siku uliyoondoka nilisema kwamba anayeokota programu barabarani hastahili kugusa nyuso za watu. Nilikosea. Na kwa kuwa nilisema mbele ya wateja, haifai nijirekebishe kwa barua. Njoo Jumamosi saa nne asubuhi. Ndipo wateja huwa wengi.

Shangazi yako