Bibiane Hajapotea, Yuko Manali

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Ixelles, Bruxelles. Jumatano, tarehe 21 Mei 2014.
Jina: Victorine Kahambu. Umri: miaka 54. Kazi: msusi, Galerie d'Ixelles. Makazi: Evere. Ametoa maelezo kwa Kiswahili, mkalimani akiwepo.

Nimeitwa kwa sababu ya rafiki yangu, Maman Bibiane Kavira, mwenye miaka 66. Mwanawe Éliézer ameripoti kwamba amepotea, na anamshuku Papa Anaclet Kyungu, fundi cherehani jirani ya saluni yangu, kwamba amemrubuni. Nimekaa kimya kwa sababu niliahidi. Lakini Papa Anaclet ni mtu wa heshima, sitaki jina lake lichafuke. Bon, nasema.

Mwezi wa Januari, Jumamosi moja, nilikuwa namsuka Maman Bibiane. Televisheni ilionyesha filamu ya Kihindi, na nyuma ya wacheza ngoma kulikuwa na milima yenye theluji. Aligeuza kichwa ghafla, nusura nimng'oe nywele. Yeye alizaliwa Mutwanga, kule Kongo, chini ya milima ya Ruwenzori. Utoto wote aliona vilele vyeupe kutoka shambani, lakini hakuwahi kupanda. Kwanza kulikuwa na wadogo zake wa kulea, kisha watoto wake mwenyewe, kisha vita. Aliniuliza pale ni wapi. Tulimwita Mhindi anayeuza nywele duka la pili. Alisema ni karibu na Manali, mji wa milimani kwao, alikokwenda fungate na mkewe.

Tangu siku hiyo saluni yangu iligeuka agence de voyage, ofisi ya kupanga safari. Papa Anaclet alikuja kuazima mkasi, akasikia habari, akabaki. Yeye alitaka kuoga kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Vashisht kwa ajili ya magoti yake. Maman Bibiane alitaka kupanda hadi Rohtang, juu kwenye theluji, na kabla ya hapo aruke kwa parachuti kule bonde la Solang, amefungwa pamoja na mwalimu. Walibishana hadi mimi nikaamua: kwanza mji na msitu wa mierezi, ili mwili uzoee hewa, kesho yake maji ya moto, halafu kuruka, Rohtang mwishoni, barabara ikiwa imefunguliwa. Wateja nao walitoa mawazo, hata wasioulizwa.

Walifanya mazoezi kwenye ngazi za Mont des Arts. Maman Bibiane alivaa viatu vya mlima alivyopata kwenye soko la mitumba la Place du Jeu de Balle. Papa Anaclet alimfuata nyuma na suti yake, anahema. Daktari alimpima Maman Bibiane moyo, akamruhusu.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii Éliézer. Éliézer ni mtoto mwema, ni mlinzi kule Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya. Tangu baba yake afariki anamshika mama kama yai. Hata tramu hapendi aipande peke yake. Maman Bibiane alinijibu: "Nikimwambia mbele, atanikataza. Nikishamaliza kuruka, atakataza nini?" Donc, alipanga ampigie simu baada ya kuruka.

Mnamo tarehe 16 Mei, mchana, niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, Zaventem. Mimi sikusafiri kwa kuwa binti yangu Ornella anakaribia kujifungua. Maman Bibiane alivaa kitenge kipya na vile viatu. Alipita kwenye ukaguzi bila kugeuka nyuma. Nililia kidogo, halafu kwenye treni nikacheka peke yangu mpaka watu wakahama kiti. Jumapili Éliézer alikwenda kumsalimia mama yake, akakuta mlango umefungwa na simu haipatikani.

Leo, nikiwa nimefika hapo katika maelezo, simu yangu ililia. Namba ya India. Inspekta alimwita Éliézer kutoka koridoni, akaniruhusu kuipokea kwa spika, wote tusikie.

Maman Bibiane hakunipa nafasi. Alisema ameruka. Alisema mwalimu alimwomba apunguze kuimba ili asikie upepo. Nilipomweleza niko wapi na niko na nani, aliniacha mimi, akamwita mwanawe.

"Éliézer," akasema, "umeniandikisha kwa polisi kama valise ya safari yenye kupotea?"

Éliézer alijifunika uso kwa mikono. Swali lake la kwanza lilikuwa kama anasikia baridi. Mama yake alisema amekodi koti la manyoya, mbwa wa Manali wanamkimbia. Kisha Éliézer akauliza habari za Papa Anaclet.

"Alibakia chini, anasali. Mpaka sasa hajamaliza."

Hapo Éliézer alicheka. Tangu mazishi ya baba yake sikuwa nimesikia kicheko chake. Aliniomba msamaha mbele ya Inspekta, na akasema Papa Anaclet akirudi atamwendea mwenyewe dukani.

Ninayoyajua ni hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyakubali kuwa maneno yangu.

(Sahihi) V. Kahambu

Maoni ya ofisa: Mtoa taarifa, mwana wa Bi Kavira, ameomba faili ifungwe. Kwa kuwa utaratibu unadai, nilimuuliza Bi Kavira kwa simu, kupitia mkalimani, kama aliondoka kwa hiari yake. Alitaka jibu lake liandikwe jinsi alivyolisema: "Andika, Madame: hii ni mara ya kwanza mu maisha yangu naondoka pahali bila kukimbia." Nimeliandika.

Inspekta Chloé Wauters